Bingwa wa Helikopta za Wenzake

Jirani yangu huja uwanjani tunakorushia helikopta zetu ndogo za rimoti akiwa na bisibisi mfukoni mwa shati, kama daktari na kipimajoto chake. Injini ya mtu ikikohoa tu, huyo keshafika. Hutega sikio, hufumba jicho moja, kisha hukaza skrubu ya kabureta robo mzunguko. "Mafuta yanazidi," husema. Ikizima, huilegeza robo ile ile. "Mafuta hayatoshi." Jana aliikaza na kuilegeza ya dada mmoja muuguzi mpaka injini ikawa haishikiki kwa moto. Dada akamsogeza kwa kiwiko, akamwonyesha mapovu ndani ya mpira wa mafuta. "Kaka, mpira umepasuka, unavuta hewa. Hiyo skrubu imekukosea nini?" Akajibu bila haya, "Nilikuwa nakupima tu, dada yangu." Akaenda zake kuifuta helikopta yake, ambayo kila wiki ina hitilafu inayomzuia kuirusha. Nikajifanya kumsaidia, nikachungulia bomba lake la moshi. Injini iliyowahi kuwaka huacha masizi na mafuta humo. La kwake lilikuwa safi, linang'aa, na ndani buibui ameshajenga.