Kumngoja Yule Mbaya

Miaka ya mwanzo mwanzo ya elfu mbili na kumi tulikuwa tunaishi ughaibuni, mtaa wa Saint-Josse, mimi na mume wangu, katika nyumba yenye ngazi nyembamba na harufu ya vitunguu vya kila mtu. Yeye alikuwa anasoma. Mimi nilikuwa nimemfuata kutoka Tanga. Asubuhi nikienda kujifunza Kifaransa, mchana nikirudi kumngoja. Chini yetu aliishi maman mmoja wa Likasi, mtu mzima mwenye Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa, kazi yake kutunza wazee huko Woluwe. Siku ya kwanza nilipompa shikamoo, ambayo kwao haisemwi, alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaniuliza nimeshakula. Juu yetu aliishi mama wa Kipolandi aliyefanya usafi katika majumba ya Auderghem. Sisi watatu tulizoeana kwa sababu Jumapili hakuna aliyekuwa na pa kwenda.

Jumapili moja mama wa Kipolandi alishuka na filamu ya kwao. Tukaiweka kwa Maman, kwa kuwa televisheni yake ndiyo iliyokuwa kubwa. Filamu ilizungumza Kipolandi, maneno ya Kifaransa yakipita chini ya picha. Maman hakuweza kuyasoma kwa kasi ile, basi mimi nikawa nasoma na kumgeuzia kwa Kiswahili.

Ilikuwa habari ya mwenye kiwanda cha mbao, mtu asiye na huruma hata chembe. Aliwafukuza wafanyakazi wakiwa wagonjwa. Mwanawe alipofariki, alimtoa mkwe wake nyumbani, mjamzito, katikati ya baridi. Miaka ikapita, mke wake naye akafa, na yule bwana akaanza kuzunguka kwa watu kuomba msamaha. Milango ikafungwa. Mwishowe akawa kila asubuhi anampasulia kuni yule mkwe na kuziacha mlangoni bila kugonga, mpaka asubuhi moja akakuta pale kwenye kizingiti bakuli la supu, bado la moto.

Filamu ikaishia hapo. Mama wa Kipolandi alikuwa anafuta macho. Akatuambia kwa Kifaransa chake cha kuungaunga kwamba yeye hulia kila mara kwenye ile supu, lakini dada yake huko kwao huinuka na kuizima. Dada husema wanaume wa namna ile hawapasulii mtu kuni. Waliwahi kununiana Krismasi nzima kwa ajili hiyo.

Mimi pia nililia, ila kwa jambo langu, nikawaambia. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, mkali, na alifariki vilevile alivyokuwa. Hakuwahi kulegea hata siku moja. Nilipomwona yule mzee na shoka lake, nilitamani ningepata hata mzigo mmoja wa kuni.

Maman alikuwa amekunja mikono.

"Bon," akasema. "Huyu muntu alifukuza mukwe yake na mimba. Alors leo anapasua kuni, donc tunamupa supu?"

"Ni filamu, Maman."

"Filamu inatoka wapi? Si inatoka kwa bantu?"

Ndipo akatuambia. Mume wake alikuwa Likasi, mkubwa wa magari katika kampuni fulani. Alikuwa akimpiga. Siku moja alimtupia nguo zake barabarani, majirani wakiangalia. Sasa, miaka mingi baadaye, alikuwa ameingia katika kikundi cha sala na kila wiki alipiga simu akimwomba arudi. Maman hakuwa akipokea.

Wakati mama wa Kipolandi anaichukua filamu yake, Maman akamwomba amwachie. Wiki ile, mara mbili tatu, nilisikia muziki wa ile filamu kupitia sakafu. Alikuwa akiitazama peke yake, bila mtu wa kumsomea.

Kiangazi kilipofika Maman akaenda Likasi kumwona yule mume. Alirudi mwezi wa nane, nami nikashuka kumsalimia. Alikuwa anapika sombe, kisamvu cha kwao. Nikavuta kiti.

"Alinipokea kwa aéroport," akasema. "Alibeba valise yangu yeye mwenyewe. Kwa nyumba anasonga bukari, ananipashia maji ya kuoga. Aliita famille yote, akapiga magoti mbele yao."

"Akaomba msamaha?"

"Aliomba."

"Nawe ukasema nini?"

"Nilimuambia simama, utachafua pantalon."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alipunguza moto.

"Miaka yote nilikuwa nangojea siku ile," akasema. "Lakini nilikuwa nangojea ule mubaya. Ule wa macho makali. Aniangalie na yale macho, aseme, nilikukosea. Alors anakuya huyu muzee mupole, anaongea polepole, anashika Biblia. Simujue huyu. Ule mwingine, ule wa macho makali, njo bwana yangu."

"Unamkumbuka, Maman? Pamoja na jinsi alivyokupiga?"

"Namukumbuka," akasema. "Na alinipiga." Kisha akaniuliza, "Papa yako, angekuya leo mupole, ungemujua?"

Nilijaribu kumwona baba akiwa mpole. Sikuweza. Kilichonijia ni sauti ya viatu vyake vya kazi kwenye korido jioni, na sisi watoto tunanyamaza, na mama anafunika chakula. Nilivikumbuka viatu vile kwa hamu iliyonitia aibu. Maman alinipakulia.

Baada ya hapo alianza kupokea simu za mumewe Jumapili. Aliiweka mezani kwa sauti ya juu na kuendelea na kazi zake, akijibu "oui, papa" pale ilipohitajika. Wakati mwingine alisimama na kusikiliza, kisu mkononi, kama mtu anayetafuta sauti nyingine nyuma ya ile.

Mama wa Kipolandi alirudi kwao. Mume wangu alimaliza masomo, nasi tukarudi Tanga. Niliwahi kumpigia Maman mara moja. Akaniambia anamtafutia yule bwana visa, aje amtembelee.

"Akikuya nitamuangalia muzuri," akasema. "Pengine mule ndani yake, ule mwingine angali iko."

Tangu hapo namba yake haiiti. Sijui kama yule bwana alikuja, wala kama Maman alimwona yule mwingine.