Mpatanishi wa Mishono

Hapa Kamembe washonaji wakigombania mshono hawaendi mahakamani, humwendea yeye. Huongea kwa sauti ya chini, na kabla ya kumsikiliza yeyote huligeuza gauni ndani nje, akipitisha kidole gumba kwenye kila pindo. Kidole hicho hukawia mno, nami sijawahi kukiamini.

Juzi nilimsindikiza jirani yangu Umuhire. Yeye na Sandrine wa Bukavu, kila mmoja alidai amebuni mkono uleule wa gauni.

“Bamaman, tumalize kwa amani,” akasema mpatanishi. “Huu mukono, hakuna mwenye ataushona tena.”

Wakakubali, wakakumbatiana, wakamwachia gauni. Niliporudi kuchukua mwavuli wangu, nilimkuta amelitandaza juu ya gazeti, akiuchora ule mkono kwa kalamu.

“Maman, funga mulango,” aliniambia bila kuinua kichwa. “Upepo inabeba makaratasi.”