Waliotupokea Mpemba

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya mwanzo wa kiangazi hapa Mpemba, siku ambayo ningependa kuisahau. Lakini uzee una tabia mbaya: unasahau ulipoweka miwani, aibu zako zote unazikumbuka. Keti. Nimechoka, ila nikifa bila kulisema hili nitakuwa nimewadhulumu watu mara mbili.

Palikuwa na ukoo wa Simwinga. Wanyamwanga hao walikuwepo kabla ya lami, kabla ya malori, kabla yetu sisi. Baba yangu alipoteremka kutoka milima ya Ibaba, na mama yangu nyuma akiwa amenibeba mgongoni, Mzee Simwinga alitembea naye asubuhi nzima akimwonyesha kwa fimbo: anzia hapa, ishia pale kwenye kijito. Kisha nyumba yake ikatupatia kikapu cha ulezi wa mbegu. Kila mgeni walimpokea hivyo. Hawakuuza ardhi hata hatua moja. Walichotaka ni uje kuwasalimia baada ya mavuno ya kwanza, mnywe togwa, basi.

Ikaja miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la saba, nikafanywa katibu wa kijiji. Usinione hivi, mwanangu! Nilikuwa na shati la mifuko miwili na kalamu katika kila mfuko, ingawa moja haikuwa na wino. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, na boma la Simwinga likaangukia nje ya mstari.

Mkutanoni, mbele ya bwana mkubwa aliyetoka wilayani, mzee alisimama, kofia mkononi.

"Katibu, mwanangu, kuhama sikatai. Naomba mwezi mmoja tu. Ulezi bado uko shambani. Tukiuacha utaliwa na ndege, na watoto hawa watakula nini?"

Ningeweza kukubali. Bwana mkubwa wala hakusema neno, aliniangalia tu. Nikaogopa kuonekana mlegevu.

"Hapa hakuna mwenyeji wala mgeni, mzee," nikasema. "Kesho paa lako linashushwa."

Watu wakapiga makofi, wale wale aliowaonyesha mipaka kwa fimbo yake. Asante ya punda ni mateke.

Kesho yake tulikuta boma tupu. Mzee alikuwa amevuka na watu wake wote kwenda kwa wakwe zake upande wa Zambia, maana Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Ulezi wao uliliwa na ndege kweli.

Baba hakunigombeza mbele ya watu. Alinipeleka shambani kwetu.

"Mipaka ya shamba hili unaijua?"

"Naijua, baba."

"Nani aliyeionyesha?"

Nikageukia kule kwenye kijito.

"Cheo umepata," akasema. "Adabu utaitafuta mwenyewe."

Niliitafuta miaka kumi. Majuto ni mjukuu, na wangu alichelewa sana kuja. Hatimaye nikavuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kuomba radhi. Nikamkuta binti wa mzee, Namwinga, kama wanavyoitwa wanawake wa ukoo wa Simwinga, akianika mahindi. Baba yake walikwisha kumzika.

"Aliwahi kusema lolote juu yangu?" nikamuuliza.

Aliendelea kuanika. "Alisema tusikuchukie. Alisema yule mtoto aliogopa tu."

Afadhali angenilaani, mwanangu. Nililia njia nzima, mtu mzima mimi, na watu wa mpakani wananitazama.

Leo pale lilipokuwa boma lao yanaegeshwa malori. Vijana huniuliza, "Babu, hapa zamani walikaa nani?" Wenzangu wote wamekwenda. Aliyebaki anayewajua akina Simwinga ni mimi niliyewafukuza.

Basi sikia. Popote utakapokaa, uliza nani aliwapokea wazazi wako, na jina lake ulitaje mbele ya watoto wako. Ukipewa cheo, mtu akikuomba mwezi, mpe mwezi. Bwana mkubwa atapanda gari lake aende zake, wewe utabaki na majirani. Na ukikosea, nenda ukaombe radhi wiki hiyo hiyo, hata kama uso unawaka kwa aibu.

Mungu akupe ujasiri nilioukosa mimi siku ile. Akujalie umri mrefu, mwanangu, na mwisho wake usiwe na kaburi linalokudai radhi.