Diski Mbili Ndogo

Nilirudisha dukani diski mbili ndogo za kompyuta, mpya, zikiwa bado kwenye plastiki zake, nikachukua moja kubwa iliyokwisha kutumika. Duka lilikuwa Makambako, si mbali na njia panda. Muuzaji alinishawishi, lakini kichwa kilichotikisika kukubali kilikuwa changu. Laiti ningekataa.

Zile mbili zilikuwa chaguo la jirani yangu, mtu wa Tanga. Serikali ilipofungulia watu binafsi biashara, alianza kusafirisha mbao kwa lori moja, akafikisha matatu. Kisha akapata ajali mteremkoni, akakatwa mguu juu ya goti, na malori yakauzwa. Madereva walikuwa wakimwita Tajiri. Nami niliendelea kumwita hivyo. Yeye aliniita Karani, kwa kuwa ukarani wa kiwanda cha mbao ndiyo kazi niliyostaafia. Mke wangu alikuwa amekwisha kufariki, na watoto wetu wanaishi mbali. Zipo siku ambazo sauti pekee niliyoisikia ilikuwa ya Tajiri akiniita kutoka upande wa pili wa ua.

Kompyuta za mitumba zilipoanza kushushwa Makambako pamoja na redio na majokofu, nilinunua mbili, moja nikamfungia yeye. Yangu ndiyo ilikuwa mama: michezo yote ilikaa humo, pamoja na kila tulichokijenga ndani ya michezo. Yake ilivuta kutoka kwangu kwa waya tulioupitisha chini ya ua, ndani ya bomba la plastiki.

Mchezo alioung'ang'ania ulikuwa wa usafirishaji. Unajenga barabara, unanunua magari, unapakia mzigo na kuupeleka mji mwingine. Mimi nilikuwa na magari manne yasiyofika popote. Yeye alikuwa na zaidi ya sitini.

"Karani!" alikuwa akipaza sauti. "Gari lako limelala barabarani, linanizuia. Dereva wako kanywa ulanzi?"

"Huyo ni Mbena mwenzangu, Tajiri. Hana haraka."

"Basi mwambie asogee, wenzake wana mzigo!"

Tangu akatwe mguu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Diski ya zamani ilipojaa, tulishauriana ninunue ipi. Mimi nilitaka moja kubwa, niongeze michezo. Yeye akakataa.

"Nunua mbili ndogo. Moja ifanye kazi, nyingine ibebe nakala. Mimi sijawahi kupeleka gari Songea bila tairi la akiba."

Nikanunua mbili kama alivyosema. Nilipofika nyumbani nikaziangalia, zikaniudhi. Nilisema moyoni: mimi nimemaliza kidato cha nne, huyu aliishia darasa la nne, leo anifundishe kompyuta? Kesho yake nikazirudisha.

"Umefanya vizuri, mzee," muuzaji aliniambia. "Hizo ungezijaza mwezi mmoja tu. Hii imetoka Ulaya, imezoea kazi."

Jioni Tajiri akaniuliza kama nimefunga zote mbili.

"Nimefunga," nikasema.

Ukaja mwezi wa sita. Anayeijua Makambako anajua upepo wake wa baridi wakati huo. Kwetu Matembwe nililelewa kuamini kwamba kitu cha thamani hufunikwa. Tena nilikwisha kuona asubuhi za baridi madereva wakiwasha moto chini ya injini ndipo lori likubali kuwaka. Nikaogopa mashine itaganda. Nikaivisha blanketi zito, nikaacha kioo tu nje, nikajisifu kwa uangalifu wangu. Sikujua kwamba adui yake ni joto lake mwenyewe, na kwamba matundu niliyoyaziba ndiyo pua zake.

Siku ya nne ikaanza kugonga, tiki, tiki, kama mtu anayegonga kucha mezani. Nilipofunua blanketi, bati lilikuwa la moto kama sufuria. Niliizima, nikaiacha ipoe, nikaiwasha tena. Ikagonga mara chache, ikanyamaza. Magari yote ya Tajiri yalikuwa humo.

"Karani, mbona kwangu hakuna kitu?"

Nilikwenda uani. Alikuwa amesimama na magongo yake, kofia imekaa upande.

"Vitu vyote vimefutika," nikasema.

"Haidhuru, si ipo ile ya akiba?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Ingekuwa aibu ya siku moja. Badala yake nikamuuliza, "Jana ulibonyeza nini, Tajiri? Diski zimefutika zote mbili."

"Sikumbuki kubonyeza kitu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini huenda nilibonyeza."

Alikuja kuniomba radhi mara tatu. Mara ya mwisho alishindwa kupanda ngazi yangu, akasimama chini kwenye vumbi. Nilimwambia nitanunua diski nyingine, tuanze upya. Akakataa, akasema ataiharibu tena. Nikasikia anavyoliamini kosa nililomtwika, na bado sikumtua.

Baada ya Idi kaka yake alikuja kumchukua arudi Tanga. Aliniaga akiwa amekwisha kukaa garini.

"Nisamehe, Karani. Mambo haya mimi sikusoma."

"Usijali," nikamjibu. Mimi nikamsamehe yeye!

Niliandika barua mbili, zote nikazichana. Nilipopata moyo wa kuandika ya tatu, dereva mmoja aliyewahi kumfanyia kazi alinikuta sokoni, akaniambia Tajiri amezikwa, wiki ya tatu sasa.

Nyumbani mwake wanakaa watu wengine. Husalimia vizuri, lakini hatuitani. Kwa kuona haya kumsikiliza mtu wa darasa la nne, nilimpoteza rafiki pekee niliyekuwa naye uzeeni, na alikufa akiamini kwamba mkosaji ni yeye.