Kitanda cha Kando cha Mutoto wa Sifa

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipewa ufagio, ndoo, na katazo moja. Ilikuwa kwenye matenite ya Katindo, nyumba ya kujifungulia hapa Goma, si mbali na kambi ya askari. Titulaire, ndiye muuguzi anayeongoza kituo, alikuwa mwanaume mrefu wa miwani, anayesema polepole. Alinipeleka kwenye chumba cha wazazi, wale wanawake waliotoka kujifungua, akanionyesha vitanda vya chuma, na kwenye ukuta wa mbali vile vitanda vidogo vya watoto tunavyoita berso.

"Mama Masika," akasema, "hapa mutoto halali kitandani na mama yake. Analala ndani ya berso. Ukimukuta kwa mama, unamutoa, unamurudisha. Umesikia?"

"Nimesikia, Docteur."

"Miye si docteur. Lakini umesikia."

Nilikuwa fille de salle. Kazi hiyo ni kufagia, kubadilisha mashuka, kuleta maji ya moto, na kukaa karibu na muzazi asiye na ndugu. Diploma sikuwa nayo. Shule yangu iliishia ya sita ya primaire kule Butembo, na pengine kuna mambo hapa ambayo muuguzi angeyaeleza vizuri kunishinda. Nitasema yale niliyoyaona.

Niliona hivi: berso zilikuwa chache, wazazi wengi. Tena zilikuwa mbali na vitanda, na mama aliyeshonwa hawezi kuamka kila mara mutoto anapolia. Titulaire akigeuza mugongo tu, watoto wote wanarudi kwenye maziwa. Baridi ya Goma munaijua. Nami napita, namutoa mutoto kwenye joto, namupeleka kwenye berso, na mama ananiangalia kama mutu aliyemuibia sufuria jikoni.

Nisimuonee yule Titulaire. Siku moja nilimuuliza kwa nini ana ukali vile juu ya jambo hilo. Alivua miwani akaipangusa. Akaniambia kwamba amewahi kupokea mikononi watoto waliolala na mama zao, wakaletwa asubuhi, mwili muzima, hakuna kidonda, hakuna homa, pumzi tu ndiyo haipo. "Mama analia, baba analia, mimi ninawarudishia mutoto wao," akasema. Basi katazo lake lilitoka kwenye huruma. Ila lilikuwa katazo la nyumba yenye berso za kutosha, na sisi hatukuwa nazo.

Kisha vita ikasukuma watu wa Masisi. Waliteremuka kwa barabara ya Sake, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, wazee juu ya chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili tunayobebea kila kitu. Wengi walitua upande wa Lac Vert, na huko wakasimamisha kituo cha afya chini ya bashe, lile turubai la wakimbizi. Nilitumwa huko. Titulaire wa pale alikuwa mwanamke mufupi wa Beni. Watu walimuita Mama Titulaire, na sauti yake ilisikika hata mvua ikipiga bashe.

Aliniuliza, "Mama Masika, hawa wazazi wakitoka hapa kwetu, wanalala wapi?"

"Juu ya mawe ya volkano, Mama. Wanatandika majani, kisha mukeka. Mwenye bahati ana kitanda cha fito. Bulangeti ni moja kwa jamaa yote."

"Na mbabula?"

"Jiko lile wanaliingiza ndani na makala yake, makaa yakiwa yanawaka, kwa sababu ya baridi."

Akashika kiuno. "Sasa niwaambie mutoto alale peke yake wapi? Juu ya jiwe? Mama atakubali kwa mudomo, kisha atakaa macho mpaka aanguke na mutoto mikononi. Makala, hiyo tunakataza bila kubembeleza, moshi wake unaua jamaa nzima. Lakini mama na mutoto tunawaacha karibu. Karibu, bila kufunikwa pamoja. Tafuta fundi."

Fundi nilimujua. Muzee Paluku alikaa mtaa wa Katoyi, mutengenezaji wa chukudu, mutu wa mizaha na mikono mikubwa. Lakini kabla sijafika kwake, Sifa alikuwa amekwisha kujifungua, na kuanzia hapo kazi yetu ikawa na jina na uso.

Sifa alikuwa binti wa milima ya Masisi. Bwana yake alibaki nyuma na ng'ombe, hakuna aliyejua habari zake. Alikuja na mama mukwe wake, mwanamke mukavu, mwenye rozari shingoni. Alizaa mutoto wa kike, mudogo sana, na Mama Titulaire akaamuru abaki kwetu mpaka aongeze uzito. Mchana tulimufunga mutoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, namna inayoitwa kangourou. Hapo hapakuwa na shida. Shida ilikuwa kwamba Sifa halali.

Anakaa tu. Mugongo kwenye nguzo ya bashe, mutoto kifuani, macho mekundu kama ya mupiga-makala. Kichwa kinaanguka, anashtuka, anamugusa mutoto pua. Kinaanguka tena. Nikamwambia, "Dada, lala basi, nitamushika."

"Hapana, mama. Miye silali."

"Mutu gani halali?"

Mama mukwe akajibu kutoka pembeni, akimenya maharagwe. "Mwache. Alilala kwa wa kwanza, ikatosha."

Ndivyo nilivyojua. Walipokimbia mara ya kwanza, walilala ndani ya darasa la shule, jamaa nzima chini ya bulangeti moja, na asubuhi mutoto wa kiume wa Sifa hakuamka. Mama mukwe alisema Sifa alimulalia. Sifa hakukana. Lakini nasema kwa haki: hakuna aliyeona. Wala mimi sijui hata leo. Mama Titulaire alisema inaweza kuwa bulangeti, inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa kitu ambacho hata docteur asingekiona.

Maziwa ya Sifa yakaanza kupungua. Mama Titulaire akanivuta nje. "Huyu mama asipolala, tutapoteza mutoto kwa njaa ama kwa kuangushwa. Huyo fundi wako eko wapi?"

Nikapanda pikipiki mpaka Katoyi. Nikamueleza muzee Paluku: kitanda kidogo cha mutoto, kinakaa ubavuni mwa kitanda cha mama, kimo kimoja, upande wa mama uko wazi ili amuone, amuguse, amunyonyeshe, lakini kila mutu na mahali pake.

"Eh, Mama Masika! Chukudu ya maziwa!" akacheka. "Nitakutengenezea. Hata breki unataka?"

Alileta siku ile ile aliyoahidi, jambo ambalo mafundi wengi wa Goma hawalijui. Kilikuwa kizuri. Mbau zilizopigwa randa vizuri, nyeupe, zimefunga pande tatu bila tundu. Akakifunga kwenye kitanda cha Sifa kwa ukanda wa mupira wa gurudumu, namna wanavyofunga mizigo juu ya chukudu.

Mama mukwe akainuka, maharagwe yakamwagika. "Mumeleta nini hapa? Mutoto bado mupya, na mumemuletea cha kumuzikia?"

Tukakiangalia sote, na kweli. Zilikuwa mbau zile zile, randa ile ile, urefu ule ule wa masanduku ya watoto tuliokuwa tukiwazika pale kila mara. Muzee Paluku alivua kofia. Vita ilikuwa imemupa kazi nyingi ya namna hiyo, na mikono ilifuata mazoea. Sifa alimukumbatia mutoto, akageukia nguzo.

Mama Titulaire hakubishana. "Mama ana haki," akasema. "Muzee, ondoa zile pande za mbau, weka fito. Hewa ipite, na mama aone. Fito ziwe karibu-karibu, kichwa kisipite. Lakini kabla ya hiyo, ngoja." Akachukua avoka, parachichi la chakula chake cha mchana, akaiweka ndani ya kitanda kidogo, karibu na mupaka wa vile vitanda viwili. "Mama Masika, lala pale kwa Sifa. Ujigeuze kama unalala."

Nikalala na viatu vyangu. Nikajigeuza. Mupira ukavutika, kitanda kidogo kikasogea, nafasi ikafunguka, na avoka ikazama pale katikati, ikaanguka chini, tii!

Watu wakacheka. Mama Titulaire hakucheka. "Ile ni uso wa mutoto," akasema.

Muzee Paluku alijikuna kidevu. "Juu ya chukudu, muzigo lazima upumue kidogo, kama hapana, kamba inakatika. Ndiyo maana naweka mupira."

"Mutoto si muzigo, muzee."

"Naona, Mama. Naona."

Hakukasirika. Alikaa chini, akaangalia kitanda kutoka chini yake, akaingiza mukono chini ya godoro la Sifa, akalibonyeza. Kisha akabeba mali yake akarudi Katoyi.

Alichorudisha ndicho nilichokiona kwa miaka yote iliyofuata. Miguu minne ya kwake, kwa hiyo kinasimama chenyewe hata juu ya mawe, na vijiti vya kukiinua pale ambapo jiwe linashuka. Pande tatu za fito, kama kitunga cha kuku. Na kutoka upande wa wazi, mikono miwili mirefu ya muti, inayopita chini ya godoro la mama mpaka ng'ambo, na ncha zake zimechongwa ili zishike ubao wa upande ule. Ndani, kipande cha godoro kigumu, kimekatwa kijae kabisa, hakuna pengo. Hakuna mto. Hakuna bulangeti la kulegea: mutoto anavaa nguo za joto, kikwembe, kile kitambaa cha kitenge, kinamufunga kikiishia kifuani, analala chali, uso wazi. Vikwembe vya zawadi hatukuviweka kitandani; tulivitundika kwenye kamba, wageni waliovileta wavione kule.

Nikalala tena, nikajigeuza tena. Avoka haikutikisika.

Lakini Sifa alisema, "Muzuri. Mutamulaza mutoto pale, na miye nitakaa hapa nimuangalie."

Tulimuomba. Mama Titulaire alimueleza. Mimi nilimubembeleza. Hakuna. Ndipo muzee Paluku, aliyekuwa anakusanya randa na misumari yake, akasema bila hata kumuangalia, "Binti yangu, ukikaa, hakishiki sawa."

"Namna gani?"

"Ile mikono miwili ya muti iko chini ya godoro lako. Kinachoikandamiza ni nini? Ni weye. Ukiamuka, kinasimama kwa miguu yake, ndiyo, lakini kinacheza kidogo. Ukilala, uzito wako unakikaza. Sikuweka musumari pale. Musumari ni weye."

Sifa alikitikisa kwa mukono. Kikacheza kidogo. Akakaa juu ya godoro, akatikisa tena. Kikacheza kidogo sana, karibu hapana. Alimuangalia fundi kama anayetafuta uongo usoni pake, kisha akamuangalia mama mukwe.

Yule mama alikuwa ameacha maharagwe. Alikuja polepole, akakaa kwenye ukingo wa chini wa kitanda. "Ile siku kwa shule," akasema, "weye ulikuwa upande huu wa mutoto. Upande mwingine nilikuwa miye." Rozari ya shingoni ilikuwa imekazwa kwenye vidole vyake. "Lala, mwanangu. Miye niko."

Sifa alimuweka mutoto kwenye kitanda kile, chali, uso wazi. Akajinyoosha kidogo-kidogo, kama mutu anayeingia maji ya baridi. Mukono wake ukavuka mupaka, ukapumzika juu ya tumbo la mutoto. Akakitikisa kitanda mara ya mwisho kwa kidole kimoja. Hakikusogea.

Alikoroma. Nasema kweli, alikoroma mchana wa jua kali, watu wakipita na ndoo, mutu fulani akigombana na mutu kwa ajili ya kuni. Mama mukwe alifukuza nzi. Mutoto alipolia, Sifa alifungua jicho moja, akamuvuta, akamunyonyesha, akamurudisha mahali pake, akalala tena. Muzee Paluku akaniuliza kwa sauti ndogo kama avoka ile bado iko, maana alikuwa na njaa.

Mutoto aliongeza uzito. Walipotoka, waliondoka na kitanda chao cha kando.

Baadaye nilihamishwa Katoyi, kwenye kituo kilichoongozwa na Titulaire kijana. Aliniruhusu niwafundishe wazazi kabla ya kurudi nyumbani, na akaongeza jambo ambalo sisi hatukulifikiri: baba aliyekunywa asilale upande wa mutoto. Alisema kweli. Vita zilirudi, watu walihama tena, na vitanda vingi vya kando viliishia kuwa kuni za kupikia sombe, yale majani ya muhogo. Siwalaumu. Kuni zikiisha na watoto wana njaa, mutu anachoma alichonacho. Tulitengeneza vingine. Hata kasha la mbao la kubebea tomate, zile nyanya, lililolainishwa miiba, likikazwa vizuri, lilifanya kazi.

Sasa niko kwenye pensheni, na miguu yangu haipendi mawe ya Goma. Mara nyingine najiuliza kama nilifanya kazi yoyote kubwa. Sikushona mutu, sikutoa dawa. Lakini jirani akijifungua, ananiita, na ninaenda na avoka yangu kwenye mufuko. Ananionyesha mutoto, nguo, vikwembe, anataka nianze na kitanda kidogo. Ninamuambia hapana.

"Weye kwanza," ninasema. "Lala, nione kama kinashika."