Mbwa Niliyemufundisha kwa Pilipili

Tulikuwa batu batano: mimi, mutoto wangu wa kwanza, ndiye mwenye nyumba hapa Butembo; mukamwana wangu, ndiye bibi wa huyo mutoto; mudogo wangu wa kike, aliyetoka Kirumba na maharagwe; na shemasi wa kanisa letu. Majina yao ninayo yote, hata ya babu zao, lakini bangali hai, donc nayaacha.

Wa sita alikuwa mbwa wangu. Tulikimbia vita upande wa Beni pamoja, yeye na mimi na sufuria moja.

Shida yake ilikuwa furaha. Mutu akifungua mulango wa lupango, ule wa ua, yeye anamurukia mpaka kifuani na matope yote. Alimuangusha bibi ya shemasi, kikwembe kikafunguka mbele ya batu. Mutoto wangu akaniambia pole pole kwamba shemasi atakuja siku ya Mungu kisha ya ibada, na mbwa akimurukia, yeye mutoto wangu atamutoa kwa jirani yetu, yule anayekula mbwa.

Mukamwana akasema: "Mumufundishe, Mama. Si mulisema batoto benu bote balikuwa na adabu?"

Batoto wangu nane niliwaachisha ziwa kwa pilipili. Mutoto anakuja akicheka, anarudi akilia, siku ya tatu amesahau. Basi nikasaga pilipili, nikajipaka mikono. Nilitoka inje, nikaingia. Aliporuka, nikamukamata pua. Alilia, akajisugua kwenye majani, kisha akarudi kuniruka tena. Nilicheka. Mbwa hajui kuchukia haraka, mais anajifunza. Siku ya sita nilipoingia alijilaza chini, mukia chini ya tumbo, akakojoa pale pale.

Mukamwana akapiga makofi. "Sasa iko imbwa ya wakristo."

Hata hivyo niliogopa. Ile siku ya Mungu, mbele ya shemasi kufika, nilimupaka mbwa pilipili mara ya mwisho, ndani ya kinywa, juu ya ulimi.

Shemasi aliingia. Mbwa akajilaza vizuri, kama nilivyomufundisha. Lakini alikuwa anatetemeka, macho mekundu, povu nyeupe ikianguka chini. Shemasi akasimama mguu mumoja juu.

"Hii imbwa iko na kichaa."

Mudogo wangu akakamata kiti. Mutoto wangu akaniuliza kama mbwa alikuwa hivyo tangu jana. Vidole vyangu vilikuwa vinawaka pilipili, nikavificha ndani ya kikwembe. Niliona namna mukamwana angenicheka miaka yote iliyonibakia. Nikasema: "Sijui."

Bakamuita jirani. Alisema nyama ya kichaa hailiwi, akaleta jembe tu. Mbwa alikuwa amekimbilia nyuma ya jikoni, hakuna mutu alithubutu kumufuata. Bakaniambia nimuite, kwa sababu ananisikia mimi.

Nikamuita. Alikuja akitambaa kwa tumbo mpaka kwenye mukono wangu, akafunga macho, akingoja pilipili. Hakuniruka.

Kisha shemasi aliomba, tukakula maharagwe.

Mudogo wangu anasema nililia. Mimi sikumbuki. Shemasi anasema midomo yangu ilitikisika mbele ya jembe kuanguka. Ninyi munne mulikuwa pale. Kama nimekosa, munirekebishe. Na kama kuna mumoja wenu aliyenisikia nikisema ni pilipili, hata kwa sauti ndogo, aje aniambie ningali hai.