Jirani Aliyeingilia Betri Yangu

Juzi asubuhi nilitakiwa kumfuata mama yangu kijijini Mlali, nimpeleke kliniki ya macho mjini. Gari likalia "tik", likanyamaza. Nimeinamia boneti, sijui hata natazama nini, jirani yangu, mwalimu mstaafu, akaingia uani na kikombe chake cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Washa taa, halafu piga stata."

Taa zikafifia. Akachungulia betri, akanionyesha unga mweupe uliozunguka vichwa vyake.

"Huenda betri ni nzima, mwanangu. Umeme haupiti hapa. Fungua nyaya, anza na hasi."

Nikazifungua, nikavimwagia vile vichwa maji ya moto, nikafuta, nikasugua kwa msasa mpaka pakang'aa, nikarudisha nyaya na kukaza nati. Gari likawaka.

"Umejifunza wapi haya, mama?"

"Marehemu mume wangu alikuwa na pikapu ya kubebea mboga. Ikizima mlimani, tungemwita nani?"

Mama yangu alifika kliniki kabla jina lake halijaitwa. Siku hizi tunamsifu jirani asiyeingilia mambo ya watu. Mimi namshukuru Mungu kwa huyu wangu, anayeingilia bila hata kupiga hodi.